Maswali ya Wasomaji: Kiwanja Kimoja, Watumiaji Wengi

Barua tulizopokea kutoka nyanda za juu kusini zinaulizia jambo moja kwa sura tofauti: namna mji unavyoweza kupanga na kuendeleza eneo moja la michezo litakalotumiwa na shule, timu za mitaani, wanawake, wazee na watoto. Anayejibu ni mpangamiji ambaye amefanya kazi hiyo katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe.

Tuanze na nini?

*Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa kamati ya michezo ya mtaa wetu hapa Makambako. Tumekubaliwa kutengewa ekari 9 zilizo jirani na shule ya msingi ili ziwe eneo la michezo la kata nzima. Watumiaji ni shule mbili, timu nne za mpira wa miguu, timu mbili za mpira wa pete, vijana wa wavu na wa kikapu, wakimbiaji, na wazee wanaofanya mazoezi ya viungo alfajiri. Mdau mmoja ameahidi saruji na nondo za jukwaa kuu, na wajumbe wengi wanataka tuanzie hapo ili kazi ionekane. Upande wa bondeni zipo familia mbili zinazolima viazi, nazo zinasema zilipewa sehemu hiyo na wazee zamani. Je, tuanze na nini, na ekari hizo zinatosha?*

Ndugu Katibu, jukwaa liwe la mwisho. Najua ni vigumu kumwambia mfadhili asubiri, lakini mwambieni, na ikiwezekana mwombeni saruji hiyo ielekezwe kwenye mitaro na vyoo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua kiwanja cha mji mmoja wa ukanda wetu huu, mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea. Jukwaa lilikuwa zuri, lina ngazi tisa na paa la bati la bluu, ila lilikuwa limejengwa upande wa chini wa mteremko bila kuachiwa njia ya maji. Maji yaliyotiririka kutoka barabarani yaligota kwenye msingi wake na kurudi uwanjani. Mbele ya goli palikuwa na dimbwi ambalo bata wawili walikuwa wakiogelea. Watoto kama kumi na wawili walikuwa wamehamia kwenye kona moja iliyobaki kavu, wameweka matofali kuwa magoli, wanacheza mahali penye upana wa darasa moja, na jukwaa lote halikuwa na mtu. Fedha zilikuwa zimetumika, na kizazi kizima cha watoto wa mji ule kilikuwa kinacheza kwenye kona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ardhi yenyewe. Mnasema mmekubaliwa kutengewa, lakini neno kutenga lina ngazi zake, na eneo lililotengwa kwa kauli ya kikao kimoja linaweza kutenguliwa na kikao kingine. Hakikisheni kwamba mkutano wa mtaa umejadili jambo hili na muhtasari wake umesainiwa, kwamba Kamati ya Maendeleo ya Kata imelipitisha, na kwamba limefika kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipangomiji. Kisha ombeni kuuona mchoro wa mipangomiji kwa macho yenu. Chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, matumizi ya kila kipande cha ardhi ya mji huongozwa na mpango ulioidhinishwa, hivyo kama mchoro unaonyesha makazi au unaonyesha weupe mtupu, eneo lenu bado halijawa la michezo hata kama magoli yamesimama hapo miaka thelathini. Likishaandikwa kuwa la michezo, lipimwe, bikoni (alama za mipaka) ziwekwe, na hati itolewe kwa jina la halmashauri. Msijaribu kulisajili kwa jina la klabu au la kamati yenu, kwa sababu viongozi hubadilika na klabu hufa. Ninyi watumiaji mtalindwa na makubaliano ya maandishi ambayo nitayaeleza baadaye. Vilevile kiwanja cha shule kibaki kuwa cha shule kwenye ramani, kiguse eneo lenu bila kumezwa nalo.

Kuhusu familia zinazolima viazi, nawasihi sana msipeleke greda kabla suala lao halijakwisha. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya mtu kumiliki mali, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Afisa Ardhi na mthamini wafike, wazee wanaokumbuka historia ya eneo waitwe, na kila kauli iandikwe. Ikithibitika kwamba wana haki, walipwe. Ikionekana kwamba walikuwa wameachiwa walime tu kwa muda, bado ni ungwana kuwaacha wavune. Viazi hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, na mradi utakaodumu miaka hamsini hauharibikiwi na miezi hiyo. Nimeona maeneo ya michezo yaliyozuiliwa na kesi kwa muda mrefu kwa sababu mtu mmoja alifyekewa mazao yake akiwa msibani.

Sasa hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hivyo ekari 9 ni takriban mita za mraba 36,400. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68, ukiongezewa mita tano za usalama kila upande, unachukua ekari 2.2. Njia ya mbio ya mita 400 yenye mistari minane inahitaji takriban mita 177 kwa 93, yaani ekari 4 na kidogo, ingawa uwanja wa mpira hukaa ndani yake. Hapo ndipo penye uamuzi mkubwa, na maoni yangu ni kwamba msijenge njia kamili ya mbio. Jengeni viwanja viwili vya mpira, ambavyo kwa pamoja vitachukua ekari 4.4, ili kimoja kipumzike kingine kikichezewa. Kinachoua viwanja vyetu ni kuchezewa kila siku bila kupumzika, hasa wakati wa mvua, na ukoka uliokanyagwa hadi mizizi ikaonekana haurudi kwa maombi wala kwa mbolea.

Wakimbiaji msiwasahau. Wawekeeni njia iliyonyooka ya mita 100 kando ya uwanja mmoja. Njia sita zenye upana wa mita 1.22 kila moja hazizidi mita 7.4, na urefu wa jumla wa mita 130 unatosha kuanzia na kusimamia. Kwa mbio ndefu, ambazo ndizo watu wa nyanda za juu wanazipenda, tengenezeni njia ya udongo ulioshindiliwa kuzunguka mpaka wote wa eneo. Ekari 9 zikiwa na umbo linalokaribia mraba, mzunguko huo utafika mita 700 hivi, na wazee wenu wa alfajiri watautumia kutembea. Viwanja viwili vya mpira wa pete pamoja na nafasi ya pembeni vinahitaji takriban mita za mraba 1,560, wavu 360, na kikapu 610. Jumlisheni vyote, mtakuta mmetumia kama ekari 5.3. Zinazobaki ni za mitaro, vyoo, kisima au bomba la maji, miti, sehemu ya watoto wadogo na maegesho ya bodaboda. Ekari hizo zinatosha, mradi eneo lisiwe refu na jembamba mno, kwa sababu viwanja viwili vikikaa sambamba vinahitaji upana wa mita 156.

Urefu wa viwanja uelekee kaskazini na kusini. Kiwanja kikielekea mashariki na magharibi, kipa wa upande mmoja atacheza kuanzia saa kumi na moja jioni jua likiwa limemkabili usoni. Makambako mna jambo la ziada, nalo ni upepo, ambao kila aliyewahi kusubiri basi hapo anaujua. Pandeni safu ya miti ya kuukinga, lakini milingoti, yaani mikaratusi, isikaribie viwanja, kwa maana mizizi yake hunyonya maji yanayohitajiwa na nyasi na matawi yake hukatika ghafla.

Maji yaongozwe kabla ya kitu kingine chochote kujengwa. Nyanda za juu kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kiwanja kisichopitisha maji hufa nusu ya mwaka mzima. Katikati ya uwanja painuliwe kidogo na pande zote mbili ziteremke kwa asilimia moja. Kwa uwanja wenye upana wa mita 68, hiyo ina maana kwamba mstari wa kati utakuwa juu ya mistari ya pembeni kwa sentimita 34, tofauti ambayo mchezaji haioni lakini maji yanaiona. Upande wa juu wa eneo lote uchimbwe mtaro wa kuyakata maji yanayotoka barabarani na kwenye mapaa ya shule. Kama maji hayo yanatoka kwenye barabara ya mtaa, andikieni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mapema, kwa kuwa mtaro wenu utakuwa mdogo ikiwa wa kwao hauna mwisho unaoeleweka. Nendeni huko wenyewe siku ya mvua kubwa, mkiwa na vijiti na kamba, mkachomeke vijiti kila mahali maji yanapopita. Kazi hiyo ya saa mbili imewahi kuniokoa dhidi ya ramani nzuri iliyochorwa wakati wa kiangazi.

Sasa makubaliano. Bidhaa adimu kuliko ardhi katika eneo la pamoja ni saa za jioni. Wanafunzi wanaondoka alasiri, watu wazima wanafika saa kumi, na saa kumi na mbili na nusu giza limeingia. Mna saa mbili na nusu kwa siku, na kwa siku sita ni saa 15 kwa kila kiwanja. Timu nne zikitaka kila moja kufanya mazoezi siku nne kwa saa moja na nusu, ni saa 24, nanyi mna 15 tu kiwanja kimoja kikipumzika. Hesabu hiyo iwekwe mezani mbele ya makapteni wote kabla ya kuchimbwa hata shimo moja, kwa sababu nusu ya ugomvi wa viwanjani unatokana na watu kuahidiana muda ambao haupo. Andikeni nani anatumia nini na lini, nani anashika funguo, nani anafyeka, nani anachora mistari ya chokaa, na nani anatoa adhabu mtu akiingiza ng'ombe. Halmashauri, shule na kamati wasaini, na ratiba ipitiwe upya kila mwaka mvua zinapokwisha.

Mwisho kwenu, mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na mipango yake hujadiliwa miezi mingi kabla. Ombi lenu liwe limefika kwa Mtendaji wa Kata kufikia Oktoba. Likifika Mei, litasubiri mwaka mwingine.

Muda wa wanawake

*Ndugu Mshauri, mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa pete, naandika kutoka Tukuyu. Tuna kiwanja cha udongo pembeni ya uwanja wa mpira. Kila timu za wanaume zinapokuwa nyingi, wao hupashia misuli kwenye kiwanja chetu, na tukilalamika tunaambiwa tusubiri wamalize. Wakimaliza, giza linaingia. Sasa kuna mpango wa kuboresha eneo lote. Tuombe nini?*

Dada Nahodha, barua yako imenigusa, kwa sababu jambo unalolieleza nimelikuta karibu kila mji nilikofanya kazi, na mara nyingi kwenye kikao cha mipango hakuna mwanamke hata mmoja wa kulisema. Ombi la kwanza ni viti. Kamati ya uendeshaji iwe na wajumbe wanawake wanaocheza, wasiopungua wawili, kwa sababu mmoja peke yake hunyamazishwa.

Ombi la pili ni umbali. Kiwanja cha mpira wa pete kisipangwe nyuma ya goli wala mahali pa kupashia misuli. Kipangwe upande wa lango kuu, karibu na barabara na karibu na vyoo, kiwe na ua mwepesi na mlango wake, na funguo moja ikae kwako. Mchezaji anayetoka sokoni na mtoto mgongoni anahitaji mahali pa kumlaza na bomba la kunawia mikono, na gharama yake ni ndogo kama imechorwa tangu mwanzo.

Ombi la tatu ni ratiba iliyoandikwa. Ulizaneni ninyi wenyewe saa zinazowafaa, msipokee saa za wanaume zilizobaki. Timu moja niliyoifahamu iliomba Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi na Jumatano saa kumi, kwa kuwa jioni nyingine ndizo saa za kufunga biashara na kupika. Walipopewa siku hizo kwa maandishi, mahudhurio ya mazoezi yaliongezeka na ugomvi ukaisha.

Kuhusu sakafu, Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo udongo hautawafaa muda mrefu. Ombeni zege, lakini msimamieni fundi wakati wa kumalizia. Asisugue uso wake ukawa laini kama veranda ya nyumba, maana ukilowa mtateleza na kuvunjika vifundo. Upigwe kwa ufagio mgumu zege likiwa bado bichi ili uwe na mikwaruzo. Kiwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, nanyi mwongezewe mita tatu kila upande. Zege humwagwa kwa vipande, na mahali vipande vinapokutana huacha mfereji mwembamba, kwa hiyo mwambieni fundi achore kwanza nusu duara la kufungia, lenye nusu kipenyo cha mita 4.9, kisha apange vipande vyake ili maungio yasipite mahali mfungaji anaposimama. Hakuna fundi atakayelifikiria hilo asipoambiwa na mchezaji.

Fremu kuzunguka uwanja

*Ndugu Mshauri, hapa Mafinga kuna mfanyabiashara aliyejitolea kutujengea ukuta wa uwanja bure, kwa sharti kwamba ukuta huo uwe fremu za maduka pande zote nne na yeye akusanye kodi mpaka fedha zake zirudi. Wengine tunaona ni neema, wengine wanaona tunauzwa. Wewe unasemaje? — Mjumbe wa serikali ya mtaa*

Ndugu Mjumbe, fremu zina faida na sizipingi. Nazipinga pande zote nne. Uwanja uliozungushiwa maduka yanayotazama nje, migongo yao ikiwa ndani, hauonekani tena na mtu anayepita barabarani. Saa kumi na mbili jioni maduka yanapofungwa, ndani hubaki mahali palipofichika, na wa kwanza kuacha kuja ni wasichana na watoto. Macho ya wapita njia ni ulinzi usiolipwa mshahara. Kubalini fremu upande mmoja tu, ule wenye biashara, na pande nyingine wekeni ua wa waya au wa miti mifupi iliyokatwa kwa usawa wa kiuno. Acheni malango yasiyopungua mawili, moja likiwa pana kiasi cha kupitisha gari la wagonjwa. Wapangieni mamantilie na wauza matunda sehemu yao ndani ya mchoro, kwa sababu watakuja tu, na wasipopangiwa watakaa kwenye mtaro.

Kuhusu makubaliano yenyewe, maneno "mpaka fedha zake zirudi" ndiyo yanayonitia wasiwasi. Nani atahesabu? Mkataba utaje gharama za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi wa halmashauri, idadi ya fremu, kodi ya kuanzia na idadi ya miaka, na mwaka wa mwisho uandikwe kwa tarakimu. Serikali ya mtaa haina mamlaka ya kusaini mkataba wa namna hiyo juu ya ardhi ya umma. Ni kazi ya halmashauri, kwa ushindani, chini ya sheria za ununuzi wa umma na za ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi, hata kama mtu mmoja ndiye aliyeleta wazo. Inawezekana akaibuka mwingine mwenye masharti nafuu zaidi.

Jambo la mwisho ni mahali fedha zinapokwenda baada ya hapo. Kodi ya fremu itaingia kwenye akaunti ya halmashauri na kuchanganyika na mapato mengine, na miaka mitatu baadaye mtakuwa mnachangishana kununua nyavu huku maduka yamejaa. Ombeni baraza la madiwani liazimie, kabla ya mkataba kusainiwa, kwamba sehemu maalumu ya kodi hiyo itaingizwa kila mwaka kwenye kifungu cha bajeti cha matunzo ya uwanja. Mshahara wa mtunza uwanja mmoja, chokaa, mafuta ya mashine ya kukatia nyasi na nyavu mpya si fedha nyingi, lakini zisipokuwa na chanzo cha kudumu uwanja hurudi kuwa malisho.

Kwa ufupi

*Mimi natumia kiti cha magurudumu, nipo Iringa. Nikienda kwenye viwanja huwa natazamia nje. Ni lazima iwe hivyo?*

Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakupa haki ya kufika mahali pa umma kama mtu mwingine yeyote. Mwombeni mchoraji njia ngumu isiyo na kokoto kutoka langoni hadi pembeni ya uwanja, yenye mwinamo usiozidi mita moja kwa kila mita 12, choo chenye mlango mpana wa kupitisha kiti, na sehemu ya kutazamia isiyo nyuma ya watu waliosimama. Na ombeni pia kucheza. Sakafu ya kiwanja cha kikapu inafaa kwa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu bila kubadilishwa chochote, hata urefu wa goli ni uleule.

*Tuweke taa za usiku tangu mwanzo? — Kocha wa vijana, Mbeya*

Kocha, taa ziachwe kwanza, kwa sababu bili ya umeme ndiyo hushinda kamati nyingi. Taa chache za usalama langoni na vyooni zinatosha kuanzia. Lakini mkiwa mnachimba mitaro ya maji, lazeni pia mabomba matupu ya plastiki ya kupitishia nyaya, yakiwa na kamba ndani na vifuniko kwenye ncha zote mbili, kuelekea kwenye pembe nne za kila uwanja. Yachoreni kwenye ramani mkitaja vipimo kutoka kwenye bikoni, na nakala moja ya ramani hiyo ikae ofisini kwa mhandisi, nyingine kwa Mtendaji wa Mtaa. Siku fedha za nguzo zitakapopatikana, fundi atavuta waya bila kupasua nyasi mlizozitunza.